Miaka Saba ya Kumuua Anti Rispa

Nyinyi watatu mliochukua kazi yangu mnanijua kama yule msichana mrefu anayekaa kwenye ngazi na kuwashikia masweta. Bro Jose alitaka niwape mawaidha kabla hamjaanza kupigwa picha. Nilisimama, mkanitazama, nikasema, "Kunyweni maji," nikakaa. Kwa hivyo naandika. Kuandika siogopi.

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita. Anayecheka acheke. Tangu nikiwa na miaka tisa nimekuwa mtoto muuaji katika filamu za Bro Jose, na nimeacha kwa sababu ya urefu. Katika filamu ya nane ilibidi nitembee kwa magoti nyuma ya kochi ili nionekane mdogo. Katika ya tisa hata magoti hayakusaidia. Mtoto muuaji akishawapita kimo anaowaua, huyo si mtoto tena, ni mwizi wa kawaida, na wezi wa kawaida mtaani tunao wa kutosha. Mambo ya nani alilipwa nini, na jina la nani liliandikwa kubwa, sitayagusa. Langu liliandikwa vibaya mara zote tisa.

Siku ya kwanza sikwenda kuigiza. Nilikuwa naanua nguo. Bro Jose, ambaye kazi yake hasa ni kupiga picha za harusi na mazishi, alikuja kupiga filamu kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Baba Dogo, Nairobi, kwa sababu mwenye ploti ni mjomba wake. Msichana aliyekuja naye kutoka Kariobangi aigize muuaji aliona kisu akaanza kulia, akalia mpaka akatapika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya shuka nikiwatazama, kwa sababu ili nifike mlangoni kwetu ningelazimika kupita katikati yao na kuwasalimia.

"Maze, cheki huyo," Bro Jose akasema. "Anatuangalia kama ametuandika mahali. Unaitwa nani?"

Sikujibu.

"Safi kabisa. Mpeni kisu."

Basi hiyo ndiyo siri ya kazi yote, na naitoa bure. Mtu mwenye haya akiwa mbele ya kamera anaonekana ana roho mbaya. Sikuwa na kipaji kingine.

Niliyepewa nimuue alikuwa Anti Rispa wa chumba namba sita. Mumkumbuke vizuri, maana haya yote yanamhusu yeye. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha nyuzi, mama mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Alikuwa amelala sakafuni akinisubiri. Nilipomwinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, usifunge macho. Ukifunga macho utanikosa, tutarudia, na hii simiti ina baridi."

Nilimkosa mara nne.

Yeye ndiye aliyenifunza, si Bro Jose. Bro Jose alikuwa akisema tu, "Tisha! Tisha zaidi!" Nami nilikuwa nakunja uso kama mtu anayeumwa na jino. Anti Rispa akaniita kando. "Usikasirike. Mtoto aliyekasirika anachapwa, yanaisha. Wewe niangalie kama unasoma bei ya sukari." Nikamwangalia hivyo. Akasema, "Eh. Hata mimi nimeogopa." Tangu siku hiyo sikubadilisha uso kwa miaka saba.

Vifaa vyetu mtavikuta kwenye ndoo ya bluu. Kisu kilikatwa na fundi mmoja wa jua kali kule Kariobangi kutoka kwenye sufuria iliyotoboka, akakipiga tupa pembeni mpaka hakiwezi kukata hata mkate. Kipo kingine kinachofanana nacho ambacho ni cha Mama Njeri wa chumba namba mbili, cha kukatia mboga ya sukuma. Kila mara kijaribuni kwanza kwenye kidole chenu wenyewe. Damu ni sharubati ya unga, kakao kidogo na wanga wa mahindi. Ikikaa sana inaleta siafu. Katika filamu ya tatu Anti Rispa alikufa vizuri sana, halafu siafu wakamwingia shingoni, maiti ikainuka ikapiga kelele na kukimbilia bombani. Bro Jose aliiacha hivyo hivyo. Watu walisema ndiyo sehemu iliyotisha kuliko zote.

Usiku wetu ulikuwa saa nane mchana. Bro Jose hakuwa na taa, kwa hivyo tuliziba dirisha kwa blanketi na kufunika kioo cha kamera kwa karatasi ya bluu ya peremende. Ukitazama kwa makini katika filamu ya tano, muuaji anapofungua mlango usiku wa manane, nyuma yake kuna mtu anaanika magodoro.

Jambo moja lazima mlijue kabla ya yote, nalo ni kubisha hodi. Katika filamu ya kwanza Anti Rispa alipiga mayowe ya kweli, na mtaani kwetu mayowe ya mwanamke hayaachwi. Wanaume saba waliingia na rungu, mwiko, na mmoja na pampu ya baiskeli, wakamkamata Bro Jose shingoni. Mimi nilikuwa nimeshika kisu, lakini hakuna aliyenigusa. Mmoja alinisukuma nyuma yake ili anikinge. Tangu hapo tukawa na desturi. Kabla ya kupiga picha mnazunguka ploti nzima, mlango kwa mlango, na ploti jirani, mnasema, "Hodi. Leo saa nane tutapiga mayowe mara tatu. Msije." Wengine hujibu, "Na tukiuliwa kweli saa hiyo?" Mnawaambia wapige mara nne.

Kazi hii inakufuata. Kanisani mama mmoja alikuwa anahamisha mtoto wake nikikaa karibu. Akamfuata mama yangu baada ya ibada, akamuuliza kama nimeombewa. Mama akamwambia, "Huyu anaua Jumamosi tu." Shuleni waliniita Muuaji, na hilo halikuniuma sana, kwa sababu kabla ya hapo hawakuwa wananiita kitu chochote.

Sasa nafikia filamu ya tisa, na kosa nililolifanya.

Bro Jose alitaka hadithi ianze na msiba. Mama wa nyumba amekufa, tangazo la kifo limebandikwa langoni, na mtoto analisoma huku akitabasamu. "Wewe si unasomanga," akaniambia. "Tengeneza tangazo. Likae kama la ukweli."

"La nani?"

"La marehemu, kwani la nani?"

Nilitaka kuuliza jina. Lakini alikuwa ameshaanza kuongea na simu, na mimi kumkatiza mtu mzima siwezi. Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, peke yangu. Nilikuwa nimesoma matangazo mengi ya vifo ukutani kanisani, na nilijua mpangilio wake: picha, jina kamili, binti wa marehemu fulani na fulani, dada wa fulani, atazikwa nyumbani kijiji fulani. Nikajaribu kubuni majina, yakaonekana ya uongo, kama ya kitabu cha hesabu. Kwa miaka saba Anti Rispa alikuwa akinisimulia habari za kwao kule Bungoma wakati tunapakwa damu. Nikaweka yake. Jina lake lote. Baba na mama yake. Kaka zake wote wanne kwa mpangilio, kuanzia Wekesa mkubwa. Kijiji. Picha niliyompiga mwenyewe akicheka. Lilikaa vizuri sana. Nilijivunia, na hilo pia nalikiri.

Anti Rispa mwenyewe alilisoma langoni akasema, "Ala! Mpaka jina la mama yangu umelikumbuka," akanikumbatia. Hakuna aliyeona hatari. Tulipiga picha Jumamosi, tukamaliza, tukakusanya vitu. Tulikuwa tumezunguka milango yote kusema kuhusu mayowe. Kuhusu karatasi hatukumwambia mtu, na hakuna aliyeibandua.

Jumapili mtu wa kijijini kwao anayekaa Komarock alipita hapo. Akaona. Akapiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la watu wa nyumbani. Hakubisha hodi, na simlaumu. Nani anabisha hodi kwenye ploti yenye msiba akiwa mikono mitupu? Alipanga arudi na sukari na majani ya chai. Kule nyumbani wakampigia Anti Rispa simu. Simu ilikuwa kwa fundi tangu Alhamisi, kioo chake kimepasuka. Maiti haipokei simu, kwa hivyo wakaamini.

Jumatano alasiri nilikuwa namsaidia Anti Rispa kufua nguo ya filamu. Alikuwa ameketi kwenye stuli, beseni limejaa maji mekundu, mikono yake miekundu hadi kwenye viwiko. Lango likafunguliwa, wakaingia wanaume wawili waliovaa makoti. Mmoja alikuwa amebeba shuka jeupe jipya, bado liko kwenye nailoni.

Huyo ndiye alikuwa Wekesa. Alisimama. Nailoni ikamponyoka.

"Karibu, Wekesa," Anti Rispa akasema. "Mbona hukusema unakuja? Hata chai sijapika."

Yule mwenzake alishatoka nje ya lango. Wekesa hakukimbia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika. Anti Rispa akasimama, akajipangusa mikono, akamwendea. Wekesa akarudi nyuma.

"Usinipe mkono."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Tumeshakulilia, dada. Siku tatu tunakulilia. Siwezi kukusalimia mpaka usafishwe."

Ikabidi aelezwe. Bro Jose hakuwepo, kwa hivyo nilieleza mimi, nikitazama beseni. Nafikiri hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua. Wekesa akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, "Hata jina la mama yetu?" Nikasema ndiyo.

Halafu akakaa kwenye ngazi, akawa anataja mambo kama mtu anayesoma orodha. Hema limejengwa. Kuni zimepasuliwa. Kaburi limechimbwa, bado kidogo kuisha.

"Mmechimba wapi?" Anti Rispa akauliza.

"Si kule nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kule chini."

"Wekesa, kule chini kuna mahali pengi."

Wekesa akatazama viatu vyake. "Kando ya ua wa boma."

"Ndani au nje?"

Bomba lilikuwa linadondoka na hakuna aliyekwenda kulifunga.

Hapa niwaeleze wale ambao kwao si huko. Anti Rispa aliolewa, hakupata mtoto, akaondoka kwa mume wake miaka mingi iliyopita akaja kutafuta kazi Nairobi. Kwao binti aliyeondoka kwenye ndoa hazikwi katikati ya boma la baba yake. Anazikwa pembeni, nje ya ua, na waliokuja kuzika hawakai sana hapo. Anti Rispa aliijua mila hiyo. Lakini kila Krismasi alikuwa anakwenda kwao, kaka zake wanamchinjia kuku, na mwaka huo alikuwa amepanga kuacha kiwanda na kurudi kukaa kabisa. Alikuwa ameniambia ataomba mahali pa kujenga chumba kimoja. Alidhani hilo halina shida.

"Tulimpigia mume wako," Wekesa akasema. "Alisema hana mke Nairobi. Basi wazee wakaona…"

"Na wewe uliona nini?"

"Mimi nilikuwa nalia, Rispa."

Anti Rispa akarudi kwenye stuli, akaendelea kufua. Akasema bila kuinua macho, "Nimekufa mara tisa katika hii ploti. Mara zote tisa nilizikwa vizuri kuliko hivyo."

Nilipomweleza mama, hakunipiga. Alisema, "Uliandika, utakwenda." Bro Jose naye akauliza kama anaweza kuja na kamera. Anti Rispa akamwambia akija nayo, kaburi lipo tayari.

Tulifika kwao Ijumaa asubuhi. Hatukupita langoni, kwa sababu aliyeliliwa haingii kwa njia ya walio hai. Tulisimama nje, ng'ambo ya ua, watu wote wakiwa ndani wanatutazama juu ya majani, hakuna anayesalimia. Watoto walikuwa wamepandishwa mabegani ili waone. Akatoka Mzee Barasa, baba mdogo wa Anti Rispa, aliyesimamia mambo hayo. Kondoo akachinjwa. Majani yakachovywa kwenye maji, Anti Rispa akanyunyiziwa kuanzia kichwani. Maji yalikuwa baridi, aliruka kidogo.

Kisha Mzee Barasa akanigeukia. "Wewe ndiwe uliyemuua?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Tisa."

Nyuma ya ua mtu mmoja akacheka, halafu wote wakashindwa kujizuia. Mzee hakucheka. "Basi utabeba," akasema.

Kaburi likichimbwa haliachwi wazi likisubiri. Lazima limeze kitu. Kwao huzikwa shina la mgomba badala ya mtu. Lilikuwa limekatwa tayari, urefu wa Anti Rispa, na lile shuka jeupe la Wekesa limelifunika. Nilishika upande wa miguu. Mgomba ni mzito kuliko mnavyodhani, na unatoa maji ambayo madoa yake hayatoki nguoni. Tukateremka nalo tukiufuata ua kwa nje, mpaka karibu na mahali wanapotupa maganda. Shimo lilikuwa hapo. Halikuchimbwa vibaya. Kuta zake zilikuwa zimenyooka.

Anti Rispa alilitazama kwa muda mrefu. Hakuwa analia. Wekesa alikuwa amesimama na jembe, na kaka wengine watatu nyuma yake, wote wanatazama chini.

"Huyu mnayemzika ni nani?" Anti Rispa akauliza.

"Ni wewe," Mzee Barasa akasema. "Kwa mila, ni wewe."

"Ni yule aliyeondoka kwa mume?"

"Ndiye huyo."

"Na akishafukiwa hapa, amemalizika?"

Mzee akafikiri. Niliona anafikiri kweli, maana alivua kofia. "Amemalizika. Mtu hazikwi mara mbili."

"Sawa," Anti Rispa akasema. "Mzikeni. Huyo ni wa nje, mumwache nje. Mimi nikitoka hapa naingia ndani kwa baba yangu, na siku nikifa hamna mtu mwingine wa kuleta huku chini. Mmeshamleta."

Wekesa akamtazama mzee. Mzee akalitazama shimo, akatazama mgomba, akanitazama hata mimi, kana kwamba nimeandika na hilo pia.

"Wekesa," akasema hatimaye, "fukia."

Walifukia haraka. Nilitupa konzi yangu ya udongo kama walivyoniagiza. Nilikuwa nimezoea vifo vya Anti Rispa, lakini huo nilishindwa kuutazama, nikafunga macho.

Baada ya hapo tukapita langoni, yeye mbele. Wanawake wakamsalimia kwa mikono, wengine kwa kumkumbatia, na mmoja akamlaumu kwamba alilifunga duka lake siku tatu ili amlilie. Chai ililetwa. Hakukaa kuinywa. Aliuliza kamba iko wapi, ile ya kufungia ng'ombe, akaichukua mwenyewe, akatembea mpaka nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake, mahali penye nyasi fupi na jua la asubuhi.

Wekesa akamfuata na vigingi vinne mkononi. Alikuwa amechoka, na nafikiri aliona haya. "Dada, niambie basi. Hapa tunapima kaburi au nyumba?"

"Anza na nyumba," Anti Rispa akasema. "Kaburi nitaliulizia nikiwa ndani."

Akanipa ncha moja ya kamba, nikaishika ikanyooka.